Anayeitikia Nyuma

Mchana ule mlango wa mbele ulifungwa vizuri kupita kawaida. Haukubamizwa wala haukuachwa nusu wazi. Ulirudishwa taratibu, komeo likasukumwa hadi mwisho, kisha kimya. Mama Vichochoro alikuwa ameshavua viatu na kufika katikati ya ukumbi, na moyoni alifurahi, maana amegombana na binti yake juu ya mlango ule mpaka mate yamemkauka. Leo amesikia, alijisemea. Kumbe maneno huingia, ila huchukua njia ndefu.

Akapita jikoni kumchotea mgeni wake maji. Pale jikoni, juu ya mkeka chini ya dirisha, alimkuta binti yake amelala chali, kitambaa kibichi kipajini, na baba yake amekaa kando akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Homa imeshuka kidogo," baba mtu alisema. "Lakini hajainuka hapa tangu ulipoondoka asubuhi."

Mama Vichochoro alisimama na bilauri mkononi. Kisha akarudi ukumbini, pole pole, akaenda kulitazama komeo. Lilikuwa limesukumwa hadi mwisho.

Asiyeijua kazi ya mama huyu hataona kosa lilipo. Alikuwa mtembeza wageni. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya juu vya kulaza wasafiri, na chini mumewe, fundi kufuli, alikuwa na karakana yake iliyojaa funguo zisizo na milango. Wageni wa kupiga picha lango kuu la mji na kurudi kwenye basi lao hawakumtaka, wala yeye hakuwataka. Waliomjia ni wale wanaoulizia mitaa isiyoonekana kwenye ramani. Hao aliwapeleka kwenye ngazi zinazopanda ukutani na kuishia hewani, kwenye chemchemi iliyokauka yenye uso wa mtu asiye na pua, kwenye uchochoro ambao mnene huupita ubavu ubavu huku akiomba radhi, na kwenye kibanda cha mchonga vitana ambaye hakuwa na unywele hata mmoja kichwani. Mwisho wa yote aliwapeleka nje ya mji wa kale, mahali pasipokaliwa na mtu, palipokuwa na kaburi la kuba. Kaburi la nani, hakuna aliyejua. Watu walilitembelea tu, kwa kuwa waliowatangulia nao walilitembelea.

Katika mitaa kama ile mtu anaweza kupotea kwa kuinama kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo watembeza wageni wa mji ule wana kawaida yao. Anayeongoza hageuki nyuma, kwa sababu mawe yanateleza na ngazi hazina mpango. Badala yake huteua mtu mmoja awe wa mwisho, na huyo huitwa mkia. Wakifika kona, kiongozi huita, "Mkia?" Wa mwisho huitikia, "Nipo." Akishaitikia yeye, basi wote waliomo katikati wapo, na msafara unaendelea.

Wenzake huteua mgeni yeyote. Mama Vichochoro alikuwa na mkia wake wa kudumu, kitinda mimba wake, ambaye siku zisizo na shule alikuwa nyuma ya msafara akiburuta ndala. Watoto wa jirani walimtania, wakamuuliza, Mkia, ng'ombe wako yuko wapi? Naye akawajibu kwamba yuko mbele, na kama wana njaa wakanyonye. Jina likamganda. Hata baba yake hakumwita vingine.

Siku ile mgeni alikuwa mmoja tu, msafiri mtu mzima mwenye kofia pana ya majani makavu, waliyempachika jina la Bwana Kofia. Alisema ameona majumba ya wafalme mpaka yamemchosha, sasa anataka kuona walikolala wapishi wao. Mama Vichochoro alimpenda kwa neno hilo. Asubuhi alimgusa binti yake, akakuta anachemka kama birika, akamwambia alale, yeye na Bwana Kofia wataenda wawili. Alijua hivyo. Kichwa chake kilijua. Lakini ulimi uliozoea haumngoji mwenye ulimi.

Walipofika kwenye kaburi la kuba, Bwana Kofia aliomba kuingia. Watembeza wageni hawaingii. Si kwamba kuna katazo, ila aliyemfundisha kazi Mama Vichochoro alisimama mlangoni, naye akasimama mlangoni. Sasa ameombwa kwa adabu na mtu mpole, mchana kweupe. Wakaingia. Ndani palikuwa na baridi, na harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu, na juu ya harufu hiyo nyingine, ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mshumaa haukuwepo. Bwana Kofia alinong'ona kwamba ni kama chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo. Hawakukaa.

Mama Vichochoro alivuka kizingiti, mgongo ameligeuzia giza, na kama afanyavyo atokapo mahali popote pale, aliita: "Mkia? Usibaki."

Ndani kabisa, nyuma yao wote wawili, sauti ndogo iliitikia. "Nipo."

Hakustuka. Nani hustuka kwa sauti ya mwanawe? Akaita tena penye kibanda cha mchonga vitana, akaitikiwa. Akaita penye chemchemi, akaitikiwa. Kila kona aliita, kila kona sauti ikaitikia, karibu zaidi na kwa furaha zaidi, mpaka wakafika mlangoni kwake, naye akasema lile alilolisema kila siku: Mkia, ingia ufunge mlango.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya komeo, na Bwana Kofia, ambaye hakujua lolote, alikuwa amekaa kwenye kiti akijipepea kwa kofia yake.

"Binti yako ana aibu kweli," alisema. "Njia nzima nageuka nimsalimie. Kila nikigeuka, kajificha nyuma ya kona."

"Ulimsikia?"

"Mbona sauti yake iko wazi kama kengele."

Mama Vichochoro akamwambia njoo uone, akampeleka mpaka jikoni. Bwana Kofia alimtazama mtoto aliyelala, akamtazama mama, akaivaa kofia yake tena ndani ya nyumba, kama mtu aliyesikia baridi.

Fundi kufuli alikuwa mtu wa mzaha. Alipoelezwa alicheka, akasema jua la utosi limewapanda wote wawili, na kama kweli wameleta mgeni wa tatu, basi wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ni mtoto, akasema, jembe atalibeba wapi, mpeni ufagio, ukumbi umejaa vumbi.

Ukumbini ufagio ulianza kufagia.

Wote watatu walisikia. Shwa, shwa, shwa, kwa mikono isiyo na nguvu, mikono ya mtoto anayetaka kusifiwa. Fundi alibaki na kicheko mdomoni kama tonge asiloweza kulimeza. Alipokwenda kutazama, ufagio ulikuwa umesimamishwa ukutani, na vumbi lilikuwa limekusanywa mlangoni, kichuguu kidogo safi, nacho kilinuka mshumaa uliozimwa.

Homa ya binti iliondoka yenyewe, na kwa siku chache za mwanzo wazazi walidhani hilo ndilo la muhimu. Kilichowajia hakikuvunja chombo. Hakikurusha mawe juu ya bati. Kiliitikia tu. Mama akiita kutoka jikoni, "Mkia," sauti mbili zilijibu, moja juu chumbani na moja ngazini, na ya ngazini ilikuwa nyepesi zaidi, tayari zaidi, kama ya mtoto ambaye hajawahi kukaripiwa. Kisha ile ya chumbani ikaanza kuchelewa. Kisha ikaanza kukwaruza. Wasafiri waliolala juu walimsifu mama kwa mtoto mtiifu anayeimba alasiri kwenye ngazi, na mama, akiwawekea sinia la chai, aliwashukuru.

Alasiri moja, jua limesimama na mitaa yote imefunga madirisha, binti alikuja jikoni, akaketi karibu na miguu ya mama yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo zaidi. Alisema jambo, na mama ilibidi ainame mpaka sikio likaribie mdomo wake, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

"Mama, usiniite tena."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Akijibu yeye, mimi nakosa pa kujibia."

Bwana Kofia alikuwa bado hajaondoka. Angeweza kuondoka siku ileile, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alisema yeye ndiye aliyeomba kuingia kule ndani, kwa hiyo jambo hili ni la kwake pia. Asubuhi moja alifunga mkoba wake, akasimama katikati ya ukumbi, na kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake alisema kwamba yeye husafiri peke yake, kwamba amechoka kuwa peke yake, kwamba kuna miji mizuri mbele yenye minara na madaraja, na kwamba anayetaka anaweza kumfuata. Akafungua mlango, akatoka, akafika kona ya kwanza. Mama Vichochoro alimsikia akiita, kwa kujikaza, "Mkia?"

Hakuna aliyeitikia. Alikaa pale konani muda mrefu akingoja. Kisha, juu ya ngazi, ndani ya nyumba, kitu kilicheka kidogo kwa pua, kama binti achekavyo mtu mzima akikosea.

Bwana Kofia akaenda zake peke yake, nao wakamwita mganga. Alikuwa mama mmoja anayeuza vifungo na nyuzi sokoni, mnene, mwenye haraka zake, asiye na hirizi wala manyoya. Alikuja adhuhuri, akaomba kiti kisicho na mto, akaketi akiielekea ngazi, akasema kwamba mtu yeyote asinene ila yeye. Kisha akauliza kama anavyouliza mtu mteja aliyesimama muda mrefu bila kununua.

"Nani wewe?"

"Mkia."

"Nani kakuleta?"

"Mama."

"Umekuja kwa njia gani?"

Na hapo sauti ile ikaanza kueleza, na kadiri ilivyoeleza ndivyo nywele za Mama Vichochoro zilivyomsimama, kwa sababu ilitaja ngazi zinazoishia hewani na chemchemi yenye uso usio na pua, ikautaja uchochoro wa kupita ubavu na jinsi wanene wanavyouomba radhi, ikamtaja mchonga vitana asiye na unywele, na kila mahali ilisimama pale anaposimama yeye, ikatania pale anapotania yeye, ikashusha pumzi pale anaposhusha yeye pumzi kabla ya kusema tuendelee, mpaka ikawa kana kwamba yuko pale juu ya ngazi, yeye mwenyewe, akiwatembeza wageni, na huyu aliyekaa chini na mikono mapajani ni mtu mwingine aliyealikwa kusikiliza.

Mganga aliinuka. Uso wake ulikuwa umepauka. Alimshika Mama Vichochoro mkono, wakatoka mpaka uani, na pale alisema kweli yake bila kuipaka mafuta.

"Mimi natoa kilichoingia chenyewe, mama. Hiki kimekaribishwa. Umekikaribisha kila kona, na mlangoni ukakiambia kiingie."

"Sasa nifanye nini?"

"Kirudishe kama ulivyokileta. Ukifika kule, toka bila kuita. Na mpaka urudi, nyumbani humu mtu yeyote asilitamke jina hilo."

Wakafanya hivyo kesho yake. Baba alibaki na binti jikoni, amekula kiapo cha kufunga mdomo. Mama Vichochoro alitoka peke yake, akaita kila kona, akaitikiwa kila kona, nyuma yake vikisikika vindala vinavyoburutwa, na watu waliokuwa wakimpita walimsalimia yeye, kisha macho yao yakateremka na kutazama chini, nyuma yake kidogo, pale penye kimo cha mtoto, na wakakunja nyuso kama watu waliosahau walichotaka kusema. Kaburini aliingia. Alisimama katika harufu ile ya maji na mshumaa mpaka vindala vikaingia vikatulia kando yake. Kisha akatoka, ameuma meno, hakuita. Nyuma yake sauti ikauliza, "Mama, hatuitani?" Akaendelea kutembea. Ikauliza tena, mbali zaidi. Kwenye kibanda cha mchonga vitana ilikuwa haisikiki tena, na Mama Vichochoro akaanza kulia, hakuyafuta machozi ili asipunguze mwendo.

Nyumbani, wakati huohuo, binti alikuwa amechoka kukaa. Alipanda juu ya kisima cha uani kuchungulia kama mama yake anakuja, na ubao wa kisima ukalia chini ya mguu wake. Baba alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa ameapa kunyamaza, lakini kuna baba gani angenyamaza? Aliita jina analolijua, kwa nguvu zote za kifua chake.

"Mkia, shuka."

Binti alishuka. Na kutoka mtaani, kabla hata mama hajaifikia kona ya mwisho, kitu kilimpita kikikimbia kwa furaha, upepo wa baridi wenye kimo cha kiuno, kikisema, "Nipo, baba, nipo, nakuja."

Fundi hakutania tena baada ya siku ile. Mganga alipoelezwa alisema hatarudi, na akawaomba wasimwambie mtu kwamba alikuja.

Ikabaki njia moja, na mama ndiye aliyeiwaza, kwa akili ya kazi yake. Ikiwa nyumba ina mahali pamoja tu pa kuitikia, basi anayeweza kuondoka na aondoke. Dada yake mkubwa alikuwa mshonaji katika mji mwingine, safari ya mchana mzima kwa basi. Binti ataishi kwa mama yake mkubwa, atasoma huko, na kule aitwe kwa jina la kwenye cheti. Lakini ni lazima atoke bila kile kingine kujua. Ni lazima mtu akishughulishe.

Asubuhi ya safari, baba akiwa jikoni na mkoba wa nguo na mkono wa mtoto mkononi mwake, Mama Vichochoro alisimama ukumbini, akavaa viatu vyake vya kazi, akajikohoza kama anavyojikohoza mbele ya wageni, akaita, akaitikiwa, akaanza kuitembeza nyumba yake mwenyewe.

Alionyesha ukumbi, akaeleza ni nani aliyeujenga na kwa nini ukuta mmoja umepinda. Alipanda ngazi. Vindala vikapanda nyuma yake. Alionyesha chumba ambamo alijifungua usiku wa mvua, na mkunga alivyoteleza kwenye baraza akafika amepakaa tope mpaka nyusi. Alionyesha dirisha ambalo mtoto alijifunza kusimama kwa kulishikilia, na kitasa cha mlango alichong'olea jino la kwanza, na alieleza polepole, akirefusha, akitafuta maneno hata pale ambapo hapakuwa na la kueleza, kwa sababu chini alikuwa amesikia mlango wa jikoni ukifunguka, na alijua kwamba akinyamaza kidogo tu atasikia pia hatua za mwanawe zikienda, na kwamba akizisikia ataanguka pale pale na kila kitu kitaharibika. Hakumuaga. Hakuweza kumuaga.

Alipomaliza, sauti iliuliza kwa upole mkubwa, "Na mimi, hapa nilikuwa nalala wapi?"

Mama Vichochoro alikitazama kitanda kidogo kilichotandikwa, kitanda ambacho shuka lake bado lilikuwa na joto.

"Hapo," alisema.

Godoro likabonyea.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kila asubuhi na kila alasiri aliita, ili kile kilichokuwa kikingoja kuitwa kisiende kutafuta kwingine. Hakulaza wageni tena, hakutembeza mtu. Simu ilipolia alitoka nje kabisa, akavuka mtaa ndipo akaipokea. Sauti ya binti yake ilirudi kidogo kidogo, mwanzo kama mnong'ono, baadaye na kicheko ndani yake, baadaye na maringo ya msichana anayejua kushona mkanda wa sketi. Mama alikuwa amemwambia jambo moja, akalirudia kila mara kama sala: usije mpaka nije kukuchukua mimi mwenyewe. Nikikuita kwa simu usije. Nikituma mtu usije. Nije mimi. Binti alikubali, na kila mara aliuliza ni lini, na kila mara mama alisema bado. Huku nyumbani sauti ya ngazini ilibaki vilevile, haikukua. Kuna siku, Mungu amsamehe, Mama Vichochoro aliisikia ikiimba akajikuta anaitikia kiitikio.

Kisha asubuhi moja aliita, na hakuna aliyeitikia.

Aliita tena ngazini. Akapanda. Kitanda kidogo kilikuwa kimetandikwa, godoro halina bonde. Alinusa hewa, akasikia sabuni na vumbi, harufu za nyumba ya watu. Alishuka mbio, akamwita mumewe kutoka karakana, wakasimama katika ukumbi wakisikiliza kimya kama watu wanaosikiliza muziki, na fundi alimshika mkewe mabega akasema pengine kimechoka, mama, hata wageni huchoka. Alifungua madirisha yote. Alipika uji, akaweka sukari nyingi. Alikuwa akitafuta simu ampigie mwanawe, amwambie sasa nakuja, leo hii nakuja, ndipo simu yenyewe ikalia mkononi mwake. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Mmefika salama?" dada aliuliza.

"Tumefika wapi, dada?"

"Si nyumbani. Mbona hamkungoja hata chai jana jioni? Nimesikia unamwita mlangoni, nikasema ngoja nivae nije nikusalimie, natoka, mmeshakata kona. Na yeye alivyofurahi, ameacha hata kandambili zake. Akasema, mama amekuja mwenyewe."

Mama Vichochoro alishusha simu. Nje, mbali kidogo, upande wa ngazi zinazoishia hewani, alisikia sauti ya mwanamke inayoita kwa utaratibu wa mtu aliyeizoea kazi yake. Ilikuwa sauti yake.

"Mkia?"

Na nyuma yake sauti ya msichana, iliyokua, iliyochoka kwa safari, yenye furaha. "Nipo."

Alitoka bila viatu. Alikuwa anaijua mitaa ile kuliko mtu yeyote aliye hai, alijua pa kukatia na pa kurukia, na alikimbia mpaka kifua kikawa kinamuwaka, lakini kila alipofika kona, sauti ilikuwa imeshaita katika kona inayofuata, penye chemchemi, penye uchochoro wa kupita ubavu ambapo bega lake lilichunika ukutani, penye kibanda ambapo mchonga vitana alitoka na patasi mkononi akamshangaa, akasema mbona umepita sasa hivi na binti yako, mama, umesahau nini, naye hakuwa na pumzi ya kumjibu, alikuwa akiita jina la mwanawe, lile la cheti na lile la nyumbani, yote mawili, na kila alipoita mtoto aliitikia mbele, kwa utii wake wote, akimwitikia yule anayemwongoza.

Alipotokea kwenye uwanja wa kaburi la kuba, aliona mgongo wa binti yake. Alikuwa amerefuka. Alikuwa miguu mitupu, mkoba begani, amesimama kwenye kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, na ndani hapakuonekana kitu.

"Mwanangu," Mama Vichochoro alisema. Sauti ilikuwa imemwisha, ilitoka kama inatoka nyuma ya ukuta. "Mwanangu, mimi huku."

Msichana aligeuka. Alimwona mwanamke mtu mzima asiye na viatu, bega linavuja damu, anatweta katikati ya uwanja. Alimtazama kwa huruma kidogo, na kwa adabu aliyofundishwa, ile ambayo msafiri humpa mwenyeji anayempita njiani, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Ndani sauti iliita. Msichana akavuka kizingiti, akaingia, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.

Na mdomo wa Mama Vichochoro, kwa mazoea, ulikuwa umeshajibu, "Marahaba."